Kurudi Chuoni Ukiwa Mtu Mzima Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wenye kazi, watoto, kodi ya nyumba, na vyeti vilivyolala sandukuni miaka mingi. Wengine wako Kampala, wengine Arua, Busia, Malaba au Nakivale, na wengi wao mambo mazito huyajadili kwa Kiswahili hata kama darasani watasoma kwa Kiingereza. Majibu mengi hapa yatakutuma ofisini, na ni kwa makusudi. Vyuo vya Uganda vina msaada mwingi kuliko watu wanavyodhani, ila hakuna mtu anayekufuata nao nyumbani. Kijana wa miaka 19 husikia habari zote hosteli akipika chai na wenzake. Mtu mzima akitoka darasani anakimbilia taxi, na habari zinambaki nyuma.

Nina miaka 43. Je, nimechelewa?

Hapana. Njia ya Mature Age, yaani kuingia chuo kwa mtihani maalumu wa watu wazima, ina kikomo cha chini tu: uwe umefikisha miaka 25. Cha juu hakipo.

Sikumaliza S6, yaani kidato cha sita, au nilimaliza bila alama za kutosha. Naweza kuingia kwa njia gani?

Njia ya kawaida ya digrii inataka uwe umefaulu masomo matano ya UCE, mtihani wa S4, na kwenye UACE, mtihani wa S6, uwe na principal pass mbili, yaani ufaulu kamili wa somo, ulizozipata katika mtihani mmoja. Kama unazo, hata kama ni za miaka ya tisini, omba kama waombaji wengine. Kuna watu wana principal zao mbili lakini wanahangaika kutafuta mtihani wa watu wazima kwa sababu wanadhani cheti "kimeoza".

Kama una principal moja na subsidiary mbili, yaani ufaulu wa ngazi ya chini, uliza kuhusu Higher Education Certificate, kozi ya takriban mwaka mmoja iliyowekwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, yaani NCHE, kuwavusha watu wa aina yako. Kama una stashahada kutoka chuo kinachotambuliwa, unaweza kuingia digrii kwa stashahada hiyo, na kozi nyingine hukuruhusu kuanzia mwaka wa pili. Na kama huna hata kimojawapo, njia yako ni Mature Age.

Kuna njia ya tano ambayo watu huidharau: kuanza na cheti au stashahada ya ufundi au biashara, ukapanda ngazi polepole. Kwa mtu ambaye hajashika kalamu kwa miaka 15, binafsi naiona ndiyo njia salama kuliko zote. Stashahada inakurudisha kwenye mazoea ya kusoma, na hata ukikwama hapo katikati unatoka na karatasi mkononi.

Mtihani wa Mature Age ukoje?

Hupima uwezo wa kufikiri zaidi ya kukariri: hesabu za kawaida, mantiki, ufahamu wa Kiingereza, na mambo yanayoendelea nchini na duniani. Vyuo vingine huongeza karatasi ya fani unayotaka kusomea. Mwenye duka la dawa za mifugo anayezoea kupiga hesabu za faida huwa hateseki sana kwenye namba. Kiingereza cha kuandika kwa kasi ndicho kinachowaangusha wengi. Soma gazeti kila siku kwa miezi mitatu, New Vision au Daily Monitor, na ujipime kwa saa.

Tangazo la mtihani hutoka miezi mingi kabla ya masomo kuanza. Vyuo vikuu vingi vya umma hufungua mwaka mwezi wa Agosti, kwa hiyo anayeanza kuulizia Julai tayari amekosa mwaka huo. Hakikisha kituo unachofanyia mtihani kimeidhinishwa na NCHE, na uulize matokeo yanadumu kwa muda gani na yanakubalika katika vyuo vipi. Udaktari, uuguzi na sheria zina masharti ya ziada. Makerere, kwa mfano, ina mtihani wake wa kujiunga na sheria.

Nitajuaje kama chuo ni halali?

Angalia vitu viwili. Watu wengi huangalia kimoja. Cha kwanza ni chuo chenyewe kuwa kwenye orodha ya NCHE. Cha pili ni kozi yenyewe kuwa na idhini ambayo muda wake haujapita. Mwaka 2023 lilizuka zogo kubwa nchini kwa sababu kozi nyingi, zikiwemo za vyuo vikubwa vyenye heshima, zilionekana muda wa idhini yake umekwisha. Jina kubwa la chuo halitoshi. Tovuti ya NCHE ina orodha. Tafuta kozi yako kwa jina lake kamili.

Cheti changu kimepotea. Na je, kama jina la kitambulisho ni tofauti na la cheti?

Kikipotea, anza polisi upate ripoti, kisha nenda UNEB, baraza la mitihani la taifa. Usitegemee kupewa cheti kingine kama kile cha kwanza; utakachopata ni uthibitisho rasmi wa matokeo, na vyuo huupokea. Utahitaji namba yako ya mtihani, mwaka na jina la shule. Kama namba umeisahau, shule uliyofanyia mtihani ndiyo pa kuanzia, kwani shule nyingi hutunza madaftari ya zamani.

Suala la majina ndilo linalowatesa zaidi, hasa akina mama walioongeza jina la mume kwenye kitambulisho cha taifa, na wanaume waliobadili jina baada ya kusilimu au kubatizwa. Kompyuta ya chuo haijui kwamba ni mtu yule yule. Kama tofauti ni tahajia au mpangilio wa majina, mara nyingi kiapo mbele ya kamishna wa viapo hutosha. Kama jina limeongezwa au limebadilika kabisa, andaa hati ya kubadili jina, ile deed poll, na uisajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Fanya haya kabla ya kuomba nafasi. Ukiingia chuoni na majina mawili, tatizo litalala kimya miaka mitatu, kisha litaamka wiki ya kuandaa orodha ya mahafali.

Nilisoma Congo, Kenya au Tanzania. Vyeti vyangu vinakubalika?

Vinakubalika vikishalinganishwa na vya Uganda. Vya sekondari, kama KCSE ya Kenya au Diplôme d'État ya Congo, kazi hiyo hufanywa na UNEB. Kwa vya chuo hufanywa na NCHE. Cheti cha Kifaransa kitahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza. Ukishapata barua ya ulinganisho, toa nakala kadhaa na uzihifadhi, maana utaombwa tena na tena.

Kuhusu ada, usikubali kuwekwa kwenye kundi la wageni wa mbali kabla ya kuuliza. Vyuo vingi vina viwango tofauti kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vingine huwahesabu wakimbizi kama raia. Mkimbizi aulize pia kuhusu DAFI, ufadhili wa UNHCR uliopo tangu 1992, ila una kikomo cha umri, na mtu mwenye familia kubwa mara nyingi hukuta ameshakipita.

Niliacha chuo mwaka wa pili, zamani. Naweza kuendelea nilipoishia?

Inategemea mambo matatu: kama uliondoka kwa barua au ulitoweka tu, kama unadaiwa ada, na kama kozi bado inafundishwa kwa mtaala ule ule. Nenda kwa msajili wa taaluma, kule mlangoni pameandikwa Academic Registrar, ukiwa na namba yako ya zamani ya usajili, na uombe nakala ya matokeo yako. Kila kozi ina muda wa juu wa kuikamilisha. Ukiupita, kuendelea kwa moja kwa moja ni vigumu, lakini masomo uliyofaulu yanaweza kuhesabiwa ukiingia upya au ukihamia chuo kingine. Omba jibu kwa maandishi. Ahadi ya mdomo kutoka kwa karani mwema haina nguvu karani huyo akihamishwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha Grade III. Nasikia lazima nipate digrii.

Mwelekeo ndio huo. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 iliweka digrii kuwa kiwango cha chini cha mwalimu katika ngazi zote, na UNITE, taasisi ya taifa ya elimu ya ualimu, ilianzishwa kusimamia mafunzo hayo. Kwa hiyo kwenye programu za likizo utawakuta walimu wenzako wengi, na hilo ni jambo zuri: madarasa ya shule yakifungwa, yenu yanafunguliwa, na wote mna matatizo yanayofanana.

Anayefikiria somo la kufundisha, aangalie Kiswahili. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, na walimu wake hawatoshi. Makerere na Kyambogo zote hukifundisha. Usidhani utapita kwa sababu unakiongea nyumbani, maana ngeli na fasihi simulizi zimewaangusha watu waliokulia humo humo.

Pesa nitatoa wapi?

Kwanza jua unalipa nini. Ada ya masomo ni sehemu moja. Juu yake kuna malipo ya huduma, ambayo kwenye risiti utayaona kama functional fees: maktaba, matibabu, mtandao, serikali ya wanafunzi, usajili na mengineyo. Baadaye huja gharama za utafiti, mafunzo kazini na mahafali. Omba muundo kamili wa ada wa miaka yote, na uongeze usafiri, kwa sababu anayetoka Mukono kila jioni anaweza kutumia pesa za taxi ambazo hakuziwazia.

Nafasi za serikali katika vyuo vya umma ni kama 4,000 kwa mwaka na nyingi huchukuliwa na wanaotoka S6 moja kwa moja. Zimo nafasi 64 za watu wenye ulemavu. Kama unahusika, omba. Mkopo wa elimu wa serikali ulianzishwa kwa sheria ya 2014, iliyounda HESFB, bodi ya kugharimia wanafunzi wa elimu ya juu. Hulipia ada ya masomo, huduma na utafiti, na vifaa kwa wenye ulemavu. Chakula na malazi hauhusiki navyo. Umelenga zaidi kozi za sayansi na teknolojia, kwa raia wa Uganda, na hurejeshwa baada ya kumaliza.

Watu wazima wengi hulipa kwa njia nyingine kabisa: SACCO ya kazini, mzunguko wa akina mama, kuuza ng'ombe, au kulipa kwa awamu. Awamu ndiyo ya kujifunza vizuri. Karibu kila chuo kina utaratibu wake, na kina tarehe ambayo usipofikisha kiasi fulani hutaruhusiwa kufanya mtihani. Ukiona hutafika, andika barua kwa idara ya fedha wiki tatu kabla. Siku ya mtihani yenyewe hakuna mwenye mamlaka ya kukusaidia, kuna mlinzi tu mlangoni.

Kwa vyuo vya umma malipo hupitia PRN, namba ya kumbukumbu ya malipo unayoitengeneza mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, kisha unalipa benki au kwa simu. Namba hiyo ina muda wake wa kwisha. Usimpe mtu pesa taslimu akulipie, hata kama amevaa kitambulisho.

Jioni, wikendi, likizo au mtandaoni?

Jioni inafaa kama unafanya kazi karibu. Anayetoka ofisini Kampala saa kumi na moja kwenda kwenye vyuo vya Nakawa au Banda atakutana na msongamano wa Jinja Road, na darasa la saa kumi na moja na nusu atalisikia kwa wenzake. Wikendi inamfaa anayetoka mbali, ila hutakuwa na siku ya kupumzika. Uganda Management Institute imezoea sana wafanyakazi wa aina hii na ina matawi Gulu, Mbale na Mbarara. Makerere ina masomo ya mbali tangu 1991, na masomo yake ya mtandaoni hupitia mfumo wa MUELE.

Mtandaoni kuna mtego. Uhuru unaoupenda ndio utakaokuponza, kwa sababu shangazi akipiga simu kuna msiba, hakuna darasa la kusema unalo.

Msaada wenyewe uko wapi hasa?

Anza na mtu mmoja ambaye hayupo kwenye vitabu vya mwongozo: katibu wa idara yako. Yeye ndiye anayejua mhadhiri anapatikana lini, alama zimekwama wapi na fomu ipi inahitaji saini ya nani. Msalimie, jitambulishe wiki ya kwanza, mwambie unafanya kazi na unatoka mbali. Wa pili ni kiranja wa darasa, ambaye mara nyingi ni kijana mwenye umri wa mwanao. Ingia kundi lake la WhatsApp siku hiyo hiyo. Mabadiliko ya ratiba hutangazwa huko kabla ya kufika ubaoni, na wakati mwingine hayafiki ubaoni kabisa.

Ofisi kubwa ya msaada ni ya mlezi wa wanafunzi, Dean of Students. Watu huidhania ni ya nidhamu na malazi. Ukweli ni kwamba mambo ya familia, kufiwa, ugonjwa, ulemavu, ugomvi na mwenye nyumba, na kukosa chakula yote huanzia pale. Huenda wasiwe na pesa za kukupa, lakini barua yao kwa idara ina uzito kuliko maelezo yako kumi.

Kuna ushauri nasaha. Makerere ina kituo chake cha ushauri, na vyuo vingine vina mshauri mmoja au wawili wenye chumba kidogo. Mtu mzima hukwepa huko akiogopa kuonekana mgonjwa wa akili. Wanaokwenda huwa na mambo ya kawaida: hawalali, ndoa imekaza, wamefeli mara ya kwanza maishani. Kanisa na msikiti wa chuo navyo vipo, na kwa wengi ndiko wanakofunguka kwanza. Makerere pale kilimani una makanisa mawili ya St. Francis na St. Augustine, na msikiti.

Matibabu: Makerere ina hospitali yake, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kule Mukono kina kituo cha afya cha Allan Galpin, na vyuo vingi vina zahanati. Umeshalipia ndani ya functional fees. Uliza kitambulisho chako kinakuruhusu kupata nini, na kama familia yako imo.

Maktaba nayo watu wazima huitumia kama mahali pa kuazima vitabu tu. Kuna wakutubi ambao kazi yao ni kukufundisha kutafuta makala na kuandika marejeo, nao hufurahi wakipata mtu mwenye nia. Ulizia pia akaunti ya eduroam, huduma ya Wi-Fi ya vyuo, inayotolewa kupitia RENU, mtandao unaounganisha vyuo vya Uganda. Ukiwa nayo, simu yako hupata intaneti hata ukiwa kwenye chuo kingine kilichojiunga. Anayekaa Gulu na kusoma Kampala anaweza kukaa chuo kilicho jirani na nyumbani akafanya kazi zake bila kununua bando.

Kwa wenye ulemavu, Kyambogo ina historia ndefu ya elimu maalumu na wataalamu wa lugha ya alama. Popote ulipo, jieleze kwa maandishi wakati wa usajili, ili muda wa ziada na chumba cha chini kwenye mtihani visiwe fadhila ya kuombwa dakika ya mwisho.

Kiingereza changu kimekauka.

Kitarudi, ila anza kabla ya muhula. Andika ukurasa mmoja kila siku, mfupi, bila kamusi. Darasani ruhusu kichwa kifikiri kwa Kiswahili. Kwenye karatasi andika sentensi fupi. Waliotoka Congo wengi hufanya kozi ya Kiingereza ya miezi michache kwanza, na huwa wanaishukuru.

Kompyuta siijui.

Jifunze vitu vitatu: kuandika waraka, kutuma barua pepe yenye kiambatisho, na kupakia kazi kwenye mfumo wa chuo. Mengine yatakuja. Usimlipe kijana wa mgahawa wa intaneti akuandikie kazi, kwa sababu vyuo hupima wizi wa maandishi kwa programu, naye huwapa wateja watatu kazi ile ile.

Naona aibu kukaa na watoto darasani.

Wiki ya pili watakuita mzee, mama au auntie, na wiki ya nne watakuomba uwe kwenye kundi lao la kazi kwa sababu wanajua hutakimbia. Hapo angalia. Mtu mzima huishia kuandika kazi ya watu watano. Gawa kazi siku ya kwanza, kila mmoja na sehemu yake.

Nina mimba, au nina mtoto mchanga.

Mjulishe mlezi wa wanafunzi na mkuu wa idara mapema, kwa barua na cheti cha kliniki. Mtihani unaweza kuahirishwa kwa sababu za kiafya ukiomba kabla. Ukiukosa kimya kimya, kumbukumbu itaonyesha hukufika tu. Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kazini. Chuoni hakuna hesabu ya moja kwa moja ya namna hiyo, kwa hiyo barua ndiyo kinga yako.

Mwajiri aniruhusu vipi?

Mtumishi wa serikali apitie kamati ya mafunzo ya wizara au wilaya, na asome masharti kwa makini, kwani likizo ya masomo huweza kuambatana na sharti la kuendelea kutumika. Kwa sekta binafsi ni mazungumzo. Peleka ratiba yote ya muhula na tarehe za mitihani, ombi moja lililokamilika. Bosi huchoshwa na ruhusa ndogo ndogo za kila Ijumaa.

Mhadhiri anataka "tukutane nje" ndipo alama zitoke.

Usiende. Hifadhi ujumbe wote, andika tarehe, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Makerere ina sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu 2006, iliyofanyiwa marekebisho baadaye, na watumishi wamewahi kuchukuliwa hatua. Peleka lalamiko kwa mlezi wa wanafunzi au ofisi ya jinsia. Kuwa mtu mzima hakukukingi na jambo hili, na wala hakukupi wajibu wa kulinyamazia.

Nikishindwa katikati ya muhula?

Usitoweke. Omba kusimamisha masomo kwa maandishi. Vyuo huruhusu kupumzika muhula au mwaka ukiwa na sababu, na nafasi yako inabaki. Kufeli somo moja si kufukuzwa, utalirudia, wenzako wataliita riteki na watakuambia kila mtu anayo moja. Angalia tu mahudhurio, kwani vyuo vingi hutaka angalau asilimia 75 ndipo ufanye mtihani. Kama umekosa madarasa kwa kazi au msiba, leta ushahidi mapema.

Siku ya usajili nibebe nini?

Barua ya kukubaliwa, vyeti vyote halisi na nakala tatu za kila kimoja, kitambulisho cha taifa au cha mkimbizi, risiti ya malipo, picha ndogo za pasipoti, barua ya ulinganisho au hati ya jina kama inakuhusu, kalamu, na chakula. Foleni huanza saa mbili asubuhi, na mtandao wa chuo hupenda kuzimika saa nne.